Aliyemrudisha Bi Mwanashee Mezani

Sogeeni karibu, mlioshiba na wenye njaa. Kisa hiki nitakianza mimi, lakini kukimaliza nimeshindwa, na mwisho wake nitawaachia nyinyi. Basi nitegeeni sikio.

Malindi, nyuma ya maduka ya nguo, palikuwa na ua mpana wenye meza katikati na majiko matatu pembeni. Watu walikuja hapo alasiri na jamaa zao, wakakaa meza yoyote wanayotaka na kuagiza kutoka jiko lolote wanalotaka. Wapishi wa majiko hayo walikuwa watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Mwachiro. Alitoka Kwale, mtu mrefu, mchache wa maneno. Miaka ya nyuma alikuwa mpishi katika kambi ya wajenzi wa barabara, na huko mzee mmoja wa Kichina alimfundisha kuvuta tambi kwa mikono mitupu, bila kisu wala mashine. Tambi zake zilikuwa tamu, lakini si utamu uliojaza watu pale. Watu walikuja kutazama. Mwachiro akishika donge la unga, ua mzima ulinyamaza. Hakuna aliyeweza kugeuza macho.

Wa pili aliitwa Dama. Huyu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa papo hapo Malindi, aliyefanya kazi jikoni kwa Waitaliano mpaka pasta ikawa kwake kama sima. Hakununua ya pakiti. Aliikanda mwenyewe na kuifinyanga kwa kidole gumba, kimoja kimoja, vidude vidogo vya kubonyea kama masikio ya mtoto. Kipaji chake kilikuwa katika kugusa. Akibinya unga alijua unataka maji au unataka kupumzika, na hata watu aliwajua hivyo hivyo. Mtoto aliyekuwa akilia mezani, Dama akimpitishia mkono mgongoni, alinyamaza.

Wa tatu aliitwa Shekue, Mbajuni wa Faza, kule Lamu, mfupi, mwenye maneno mengi na maringo kiasi. Yeye aliuza wali wa vitu vya baharini katika bakuli: kamba, ngisi, vipande vya pweza, na rojo la ukwaju juu yake. Kipaji chake kilikuwa pua. Angepita karibu na sufuria iliyofunikwa, si yake, akasema, "Kitunguu chako kimeanza kuungua chini," na ukifunua, ni kweli.

Hawakuwa maadui, lakini hawakuwa marafiki pia. Shekue alimwambia Mwachiro kwamba anauza mazingaombwe. Dama aliwaambia wote wawili kwamba wana kelele. Ndivyo walivyoishi.

Sasa, katika mji huo huo alikuwako Bi Mwanashee.

Kama hukuwahi kula samaki wa kupaka wa Bi Mwanashee, siwezi kukueleza. Watu walifunga safari kutoka Mombasa na Lamu kuja kula pale barazani kwake. Alimchoma samaki juu ya makaa, akampaka rojo lake la nazi, akamgeuza, akampaka tena, na harufu ile ilivuka nyumba kadhaa. Wapishi wa hoteli kubwa walikuja wakala, wakaomba, wakabembeleza. Hakumfundisha mtu. Dama naye, alipokuwa msichana, aliwahi kwenda kumpigia magoti amchukue awe mwanafunzi wake. Bi Mwanashee alimtazama, akamwambia, "Wakati wangu bado, mwanangu," akamrudisha nyumbani.

Kisha Bi Mwanashee akapatwa na homa. Homa ilipoondoka, iliondoka na pua yake na ulimi wake. Hakusikia harufu ya karafuu wala ya samaki aliyeoza. Sukari na chumvi zilikuwa kitu kimoja. Mwanzoni alilalamika, baadaye akaacha kulalamika, na hapo ndipo mwanawe Swabra alipoanza kuogopa. Mama yake alikaa akitazama sakafu. Hakusema. Akiwekewa chakula alikigeuza kwa kijiko, akakirudisha. Akilazimishwa, alitafuna kidogo, akakabwa, akatema. Kanga ilimzunguka mara mbili mahali ilipokuwa ikimtosha mara moja.

Daktari alimpima akasema, "Mwili hauna ugonjwa tena. Harufu na ladha huweza kurudi, lakini sharti ale. Akiendelea hivi, tutamlaza na kumpitishia mpira wa chakula puani."

Swabra alikuwa mshonaji, si mpishi. Alijaribu uji, akajaribu supu, akajaribu maandazi. Mwisho akawaza jambo moja: mama yake, katika maisha yake yote, hakuwahi kukataa chakula mbele ya mtu aliyekipika. Kwake hiyo ilikuwa aibu kubwa. "Nyumbani ananikataa kwa sababu mimi ni mwanawe," akajiambia. "Nikimtoa nje, mbele za watu, huenda akaona haya."

Basi Jumamosi moja, baada ya sala ya alasiri, akamvisha buibui, akamwita mwenye tuktuk, akampeleka mama yake kwenye ule ua.

Ua ulikuwa umejaa. Swabra akapata meza karibu na jiko la Mwachiro, akamketisha. Bi Mwanashee akainamisha kichwa, akatazama mapaja yake. Watu walimtambua. Minong'ono ikapita meza kwa meza: "Si yule Bi Mwanashee? Ndiye huyu? Amekwisha hivi?" Hakuinua uso.

Mwachiro akaja kuuliza wanakula nini. Swabra akamwambia taratibu, "Kaka, mama hali. Hatazami hata sahani. Sijui niagize nini."

Mwachiro alirudi kwenye meza yake ya unga, akachukua donge, akalipiga ubaoni: pa! Akalivuta urefu wa mikono yake, akalikunja, akalisokota, akalipiga tena: pa! Mlio ule Bi Mwanashee aliusikia. Mabega yake yakashtuka. Mwachiro akaona. Akaisogeza meza yake mpaka mbele ya kizee, akaanza.

Akavuta, uzi mmoja. Akakunja, zikawa mbili. Akavuta, akakunja, zikawa nne, zikawa nane, zikawa nyingi, na kila alipofungua mikono zilizidi kuwa nyembamba na unga ulipeperuka kama vumbi la njiani. Zilining'inia kati ya mikono yake kama nywele zilizofumuliwa. Kila mtu aliacha kula. Na kizee akainua kichwa. Kwanza kidevu, kisha macho. Akatazama.

Ilimbidi Mwachiro azitupe tambi zile kwenye maji yanayochemka, na alipozitupa, macho ya Bi Mwanashee yakaanza kushuka tena. Mwachiro akachukua donge jingine. Akavuta. Macho yakapanda. Akamaliza, akachukua jingine. Hakuna aliyeziagiza tambi zile zote. Jasho lilimtiririka, na bega lake la kulia, lililokuwa na maumivu ya zamani, lilianza kutetemeka. Hakuacha. Swabra aliziba mdomo kwa ushungi, kwa sababu tangu ile homa hakuwa ameona macho ya mama yake yakifuata kitu.

Lakini bakuli la tambi lilipowekwa mbele yake, moshi ukipanda, Bi Mwanashee alilitazama tu. Hakugusa. Mwachiro akaketi chini, amechoka, ameshika bega.

Hapo Dama akaja. Alikuwa na wateja wanaomngojea, na sosi yake ya nyanya ilikuwa motoni. Iliungua, harufu ikatapakaa, watu wakamwita, hakugeuka. Alikuwa ametazama kitu ambacho wengine hawakukitazama: vidole vya Bi Mwanashee. Kila Mwachiro alipovuta unga, vile vidole vya kizee vilijikunja juu ya mapaja yake, kidogo sana.

Dama akavuta kiti, akakaa ubavuni pake. "Shikamoo, mama," akasema. Hakuitikiwa. Akamshika mkono, ulikuwa baridi, akausugua polepole mpaka ukapata joto. Kisha akaweka kipande cha unga wa pasta kiganjani mwake, akamfumbia vidole.

Wakakaa hivyo. Dama hakumhimiza. Watu waliokuwa karibu wanasema walisahau kupumua. Na mkono ule wa kizee, uliokanda unga kabla Dama hajazaliwa, ukabinya. Ukabinya tena. Dama akakata kipande kidogo, akakiweka ubaoni, akakibonyeza kwa kidole gumba, kikawa sikio. Bi Mwanashee akakata chake. Akabonyeza. Chake kilitoka kizuri kuliko cha Dama, na Dama akacheka kwa sauti.

"Haya mama, tuvipike vyako."

Akavichemsha vile vilivyofinyangwa na kizee, vichache, vya kutosha kijiko. Akavitia mafuta na chumvi, akavileta kwenye kisahani. "Umepika mwenyewe," akamwambia. "Mpishi huonja."

Bi Mwanashee alikitazama kisahani. Akachukua kimoja kwa vidole, akakitia mdomoni. Swabra alifumba macho akingoja akabwe. Dama alimwekea mkono mgongoni, akawa anaupitisha juu na chini, juu na chini, kama anavyofanya kwa watoto. Kizee akatafuna. Akameza. Kikashuka, bila kukabwa. Ua mzima ulitoa pumzi kwa pamoja, na mtu mmoja upande wa nyuma akasema, "Allahu Akbar."

Akala cha pili, na cha tatu. Kisha akakisukuma kisahani. Chozi likamdondoka. Akaugusa ulimi wake kwa kidole, akatikisa kichwa, na wote wakaelewa: ameingiza kitu mdomoni, lakini mle mdomoni hamna kitu. Uso ukaanza kuinama tena.

Shekue alikuwa amesimama muda wote huo mlangoni pa jiko lake, mikono kifuani. Maringo yake yote yalikuwa yamemtoka. Akageuka ghafla akaingia ndani. Sufuria iliyokuwa motoni ilikuwa ya shughuli ya watu wa harusi, waliokuwa njiani kuja kuichukua. Akaifunua. Akapakua wali katika bakuli, akachagua kamba wakubwa, ngisi, pweza laini, akamimina rojo la ukwaju, akakamua ndimu, akakata pilipili mbichi. Akaweka katikati ya wali kikombe kidogo cha chuma chenye kaa la moto, akalidondoshea samli, na moshi ulipofumka akalifunika bakuli kwa sahani, chapuchapu, akauzuia moshi wote ndani.

Akalileta mezani mikono miwili. Akapiga goti.

"Mama," akasema, na sauti yake haikuwa ile iliyozoeleka pale uani. "Mimi ni Shekue, wa kule Faza. Nakuomba uvute pumzi tu. Ule usile, shauri yako. Vuta pumzi."

Akalisogeza bakuli mpaka chini ya pua yake, akalifunua.

Moshi ulimpiga usoni. Samli, ukwaju, pilipili, bahari. Bi Mwanashee akarudisha kichwa nyuma, akapiga chafya. Akapiga ya pili. Kisha akatulia, mdomo wazi, tundu za pua zimetanuka, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka mbali. Akainamia bakuli mwenyewe. Akavuta pumzi ndefu. Akatia kijiko, akala. Akatafuna polepole, macho yameganda.

Kisha akanena. Sauti ilikuwa imekauka kwa kutotumika, lakini kila mtu alisikia.

"Chumvi haijakolea."

Hakuna aliyecheka. Swabra alipiga kelele moja akamwangukia mama yake miguuni. Shekue, ambaye mteja akimwambia neno hilo huweza kumfukuza, alikaa chini sakafuni akalia kama mtoto. Wateja wa meza za mbali walisimama. Wengine walikuwa wamejifunika nyuso. Na watu wa harusi, waliokuwa wameshafika kuchukua sufuria yao, walisimama mlangoni hawajui kilichotokea, lakini nao waliinamisha vichwa.

Bi Mwanashee akala lile bakuli mpaka nusu. Akaomba na zile tambi za Mwachiro, zilizokwisha kupoa, akazionja, akasema zimelegea. Akaonja pasta ya Dama, akasema hii safi.

Wiki zikapita. Ladha ilirudi kidogo kidogo, leo chumvi, kesho karafuu, na mwili ukarudi pamoja nayo. Alipoweza kusimama jikoni tena, akawaita wale wapishi watatu nyumbani kwake, akawaketisha barazani. Swabra aliwatilia kahawa.

"Wanangu," Bi Mwanashee akasema, "mumenitoa mahali ambapo sikudhani nitatoka. Nina kitu kimoja tu cha kuwapa. Samaki wangu wa kupaka nilifundishwa na mama mkwe wangu, na siku aliyonifundisha aliniapisha: nimfundishe mtu mmoja tu kabla sijafa, na huyo naye amfundishe mmoja. Swabra hataki."

"Mkono wangu uko kwenye cherehani," Swabra akasema.

"Basi itakuwa mmoja wenu. Yule aliyenirudisha. Semeni ni nani."

Wakatazamana. Mwachiro, mchache wa maneno, ndiye aliyeanza.

"Mama, ulikuwa umeinama. Dama asingekiona kidole chako kikijikunja kama mimi nisingevuta unga. Shekue asingepata pua ya kuisogezea bakuli. Mtu asiyetazama, humfikishii chochote. Mimi ndiye niliyekufungua, na bega langu halijapona mpaka leo."

"Alitazama, kweli," Dama akajibu. "Na bakuli lako likapoa mbele yake. Kutazama si kula. Koo lilikuwa limefunga kwa woga, nami ndiye niliyelifungua. Kama nisingefanya hivyo, wali wa Shekue ungemkaba, na pengine ungemuua pale pale." Akaweka kikombe chini. "Na kuna jambo jingine, mama. Nilikuja kwako zamani, nikapiga magoti. Uliniambia wakati bado."

"Nakumbuka," Bi Mwanashee akasema.

"Hilo si hoja!" Shekue akaruka. "Kutaka sana si kustahiki. Mama alikula vipande vitatu, akakisukuma kisahani. Sote tuliona. Angerudi nyumbani, kesho asile tena. Mtu hali kwa macho wala kwa vidole, anakula kwa sababu chakula kina ladha. Ladha hiyo nimemrudishia mimi, na neno lake la kwanza amenitolea mimi."

"Amekutolea kukukosoa," Dama akasema.

"Amenitolea mimi!"

"Daktari alimwambia Swabra kwamba ladha huweza kurudi," Mwachiro akasema kwa upole. "Pengine ilikuwa ikirudi siku ile, na wewe ulikuwa wa mwisho kufika tu."

"Na pengine angeinua kichwa mwenyewe," Shekue akajibu, "kwa makelele ya ua."

Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Ajabu ni kwamba hakuna aliyesema uongo. Swabra, aliyekuwa pale tangu mwanzo, alipoulizwa alitikisa kichwa. "Kila mmoja wao, kwa wakati wake, nilimwona kama malaika," akasema. "Msinilazimishe kuchagua."

Wakamgeukia Bi Mwanashee mwenyewe. Aliweka mikono juu ya magoti.

"Mimi ndiye nisiyeweza kabisa kuamua," akasema. "Nilikuwa gizani. Niliona nyuzi nyeupe zikipita, nikahisi mkono wa mtu, nikasikia harufu ya bahari. Kwangu mimi vyote vitatu vilikuwa kitu kimoja. Najua nilivutwa. Mkono ulionivuta siujui."

Akawaambia warudi Ijumaa baada ya sala, atakuwa ameamua. Wakatoka, wakatembea njia moja.

Basi, nyinyi mnaonisikiliza, leo ni Alhamisi. Kizee yuko ndani anawaza, na oni lenu lina uzito. Kuna aliyeyainua macho yake mpaka bega likamwuma. Kuna aliyelifungua koo lake, na ambaye alilitaka jambo hili tangu usichana. Kuna aliyemrudishia ladha na kauli. Mmoja wao angekosekana, kizee asingekula. Na wa kufundishwa ni mmoja tu.

Wewe uliye nyuma, na wewe uliyekaa mbele, na wewe mdogo unayejifanya umelala: kesho mlango ukifunguliwa, utamwambia nani aingie jikoni? Na wale wawili watakaobaki nje, utawaambia nini?